Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya miji inayokua: ishusheni ile ramani ukutani

Waheshimiwa mameya, wakurugenzi wa miji, wakuu wa idara za mipango miji, nanyi mnaowasimamia kutoka wizarani,

Salamu nyingi. Mimi ni mchora ramani. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa mbele ya kompyuta nikilinganisha picha za setilaiti za mji uleule, za zamani na za sasa, nikitafuta palipokuwa na shamba na sasa pana mapaa, kisha nikikadiria mji utaelekea wapi miaka kumi ijayo. Ni kazi ya kimya. Mtu wa kazi kama yangu hana mazoea ya kuandikia wakubwa barua, na ningekaa kimya kama si jambo lililonikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kuandaa ramani ya namna hiyo kwa ajili ya mji ambao sitautaja. Tulipaka rangi nyekundu maeneo ambayo kwa hesabu zetu yangejengwa ndani ya miaka kumi. Siku ya kuikabidhi palikuwa na hotuba, makofi na picha ya pamoja. Ramani ikawekewa fremu, ikatundikwa kwenye ukumbi wa mikutano. Niliporudi mjini hapo miaka sita baadaye kwa shughuli nyingine niliikuta palepale, nyekundu yake imepauka kwa jua la dirishani. Jioni nikaenda kutembea upande ule tulioupaka nyekundu zaidi. Nyumba zilikuwa zimebanana. Sikuona njia hata moja ambayo gari la zimamoto lingeweza kupita na kugeuza, na bonde tulilolichorea mstari wa buluu lilikuwa limejengwa mpaka kingoni, kwingine mpaka katikati. Mwenzangu tuliyekuwa tukitembea naye akanigonga begani: "Hongera, mlipatia."

Kweli tulipatia. Tulionyesha mahali, tukaonyesha na muda, na wakazi wa pale hawakupata hata mfereji kutokana na utabiri wetu. Ndiyo maana naandika.

Nianze na kisingizio ambacho muda wake umepita. Zamani mkuu wa mji aliweza kusema hajui mji wake umetanuka kiasi gani, kwa sababu kupiga picha za ndege kulitaka bajeti ambayo hakuwa nayo. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat mwaka 1972. Tangu 1984 setilaiti za ukoo huo zimekuwa zikileta picha ambazo kila pikseli yake, yaani kila nukta ya picha, ni eneo la mita 30 kwa 30, na mwaka 2008 hazina yote ya picha hizo ikafunguliwa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwaka 2015 Ulaya ikarusha Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10, nazo bure. Kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kinatoa ramani za maeneo yaliyojengwa duniani kote kuanzia 1975. Shirika la anga la Ujerumani, DLR, lina ramani inayoonyesha jinsi makazi yalivyoenea mwaka hadi mwaka, kutoka 1985 hadi 2015. Mwaka 2021 Google ikatoa ramani ya mapaa, jengo moja moja, ikianzia na Afrika. Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba mji wake hauna data ya kuonyesha ulivyotanuka ama hajauliza, ama hataki kujua.

Sisemi picha hazidanganyi. Zinadanganya, na zina mahali pake pa kudanganyia. Setilaiti haioni nyumba. Inaona namna uso wa dunia unavyorudisha mwanga, pamoja na miale ambayo macho yetu hayaioni. Majani mabichi yanarudisha kwa nguvu sana miale isiyoonekana iliyo jirani na nyekundu. Zege na mapaa hayafanyi hivyo. Tatizo ni kwamba udongo mkavu usio na kitu juu yake nao haufanyi hivyo. Ukichukua picha ya kiangazi, shamba lililolimwa na mtaa wa nyumba ndogo vinafanana kama mapacha. Mimi mwenyewe nimewahi kupaka "makazi" eneo zima ambalo, nilipofika, lilikuwa shamba linalosubiri mvua. Mwenye shamba alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo sikabidhi ramani ambayo haijatembelewa kwa miguu. Mawingu nayo ni adha, hasa kwenye ukanda wa joto, ingawa tangu 2014 rada za Sentinel-1 zinapenya mawingu na usiku pia. Nataja haya ili mjue cha kumuuliza mtaalamu anapowaletea ramani yenye rangi nzuri: picha hii ni ya mwezi gani, na nani alikwenda kuona?

Kuna kosa jingine, na hilo ni lenu kuliko letu. Mnatuagiza tupime mji "ndani ya mipaka ya mamlaka". Mji haujui mipaka hiyo. Mwenye kiwanja anaangalia bei ya ardhi na umbali wa kufika kazini, na mara nyingi ardhi anayoimudu iko hatua chache nje ya mstari wenu, kwenye halmashauri jirani yenye afisa mmoja wa mipango miji na pikipiki mbovu. Huko ndiko mji unakokua kwa kasi kuliko kote, na huko ndiko ramani yenu inakokuwa nyeupe. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliridhia njia ya kupima miji isiyotegemea mipaka ya utawala: dunia inagawanywa katika miraba ya kilomita moja ya mraba, na pale miraba iliyoshikana inapokuwa na watu 1,500 au zaidi kila mmoja, na kwa jumla watu wasiopungua 50,000, huo unahesabiwa kuwa mji, hata kama uko chini ya wakurugenzi watatu wasiosalimiana. Tumieni kipimo hicho, au chochote kinachofuata nyumba badala ya mihuri. Kisha kaeni na jirani zenu. Najua kikao hicho ni kigumu kuliko kununua setilaiti.

Sasa utabiri wenyewe. Watu wengine wanaona ni uganga, wengine wanaona kompyuta imesema basi imekwisha. Wote wanakosea. Modeli nyingi za kukua kwa miji zinatumia wazo rahisi: gawa ardhi katika seli ndogondogo, kisha ipe kila seli kanuni ya kuamua kama itageuka mji, kwa kutazama majirani zake, barabara iliyo karibu na mwinuko wa ardhi. Waldo Tobler alijaribu jambo linalokaribiana na hili kwa Detroit mwaka 1970. Katika miaka ya 1990 Keith Clarke na wenzake wakaunda modeli iliyokuja kuitwa SLEUTH, wakaijaribia kwenye eneo la Ghuba ya San Francisco, na tangu hapo imetumika katika miji mingi ya dunia. Ndani yake mji unakua kwa namna nne: nyumba inachipuka peke yake porini; nyumba hiyo inavuta nyingine mpaka inakuwa kituo kipya; ukingo wa mji uliopo unasogea; na makazi yanafuata barabara. Modeli inalishwa ramani za miaka iliyopita, inajirekebisha mpaka iweze kuzaa upya historia ya mji, ndipo inaachiwa iendelee mbele. Siku hizi zipo njia nyingine zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano maelfu kwa maelfu, lakini viungo havijabadilika sana: jirani, barabara, mteremko, na marufuku.

Mkivitazama viungo hivyo mtaona kisichokuwemo. Modeli haihudhurii vikao vyenu. Haijui kwamba mmeamua kuhamishia chuo upande wa mashariki, kwamba kuna ukoo umekataa kuuza, kwamba mtu mwenye sauti amenunua mashamba yote yaliyo kando ya barabara ambayo bado haijatangazwa. Inachojua ni tabia ya mji wa jana. Uamuzi mmoja wa kupeleka barabara ya lami mahali fulani unaweza kupindua ramani nzima. Kwa hiyo mtaalamu anayewaletea ramani moja tu ya mwaka 2040 amewapa nusu ya kazi. Mwambieni alete kadhaa: mji mkiendelea kama mlivyo, mji mkijenga ile barabara, mji mkiliacha bonde wazi na mkahakikisha linabaki wazi. Tofauti kati ya ramani hizo ndiyo habari mnayoihitaji, maana inaonyesha uzito wa uamuzi wenu wenyewe.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo la usahihi, kwa sababu hapo ndipo mnapodanganywa kwa adabu. Ripoti itawaambia modeli ina usahihi wa asilimia 94, na nyote mtatikisa vichwa. Tuseme eneo lenu lina seli 1,000,000, na katika miaka kumi seli 40,000 zimegeuka kutoka shamba kuwa mji. Mtu asiyefanya kazi yoyote, akakabidhi ramani ya zamani na kusema "hakuna kitakachobadilika", atakuwa sahihi kwa seli 960,000. Asilimia 96! Sasa chukueni mtaalamu aliyetoa jasho. Alitabiri seli 40,000 zitageuka, akapatia 10,000. Amekosa 30,000 zilizogeuka bila yeye kuziona, na amepaka 30,000 nyingine ambazo hazikugeuka. Usahihi wake kwa jumla ni asilimia 94. Kwa kipimo hicho mvivu amemshinda mchapakazi, ilhali ramani ya mvivu haiwezi kuwaambia hata mkachimbe mfereji wapi. Robert Pontius na Marco Millones walitoa mwaka 2011 makala kali dhidi ya kipimo cha usahihi wa ramani kiitwacho kapa, ambacho kwa miaka mingi kilipamba ripoti za aina hii. Waliona hakisaidii na kinapotosha, na kwamba ni afadhali kutenganisha kosa la kiasi (seli ngapi zitageuka) na kosa la mahali (ni zipi).

Hilo la kiasi na mahali litieni kwenye hadidu za rejea. Mwambieni mtaalamu afiche picha za miaka ya mwisho, atabiri bila kuziona, kisha azifungue mbele yenu. Aseme: kati ya seli zilizogeuka kweli, pamoja na zile alizozipaka kwa kukosea, amepatia ngapi? Katika mfano wangu ni 10,000 kati ya 70,000, yaani asilimia 14. Mtashtuka. Msimfukuze. Asilimia 14 ya namna hii ni ya kawaida kabisa katika kazi hizi, na mkichunguza makosa yake mtakuta mengi ni ya seli ya jirani: alisema nyumba zitakuwa hapa, zikawa mita mia tatu kule. Kwa anayetaka kujua plot gani ya kununua, hilo ni kosa kubwa. Kwa anayetafuta pa kupitisha barabara kuu au bomba la maji taka, si kitu.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Utabiri wa kukua kwa mji hauwezi kuwaambia nyumba ipi itasimama wapi. Unaweza kuwaambia, kwa uhakika wa kutosha kufanyia kazi, mji utahitaji ardhi kiasi gani, utaelekea pande zipi, na upande gani utatangulia. Na kuna uamuzi mmoja ambao hauhitaji zaidi ya hayo: kutenga ardhi ya barabara kuu na ya mikondo ya maji kabla watu hawajafika. Mengine yote mnayoyaota kwenye mpango kabambe, kanda za viwanda, bustani, maduka ya kisasa, yanaweza kusubiri, na mengi yatakataa kuwatii. Hili halisubiri. Nyumba ya kwanza ikishasimama katikati ya njia, gharama yake haiitwi tena bei ya shamba. Inaitwa fidia, kesi, na miaka.

Kiasi kwanza. Mji ambao watu wake wanaongezeka kwa asilimia 4 kwa mwaka unakuwa na watu maradufu kwa miaka 18 hivi. Lakini mara nyingi ardhi inatanuka haraka kuliko watu, kwa sababu kila kaya inataka nafasi zaidi kidogo na viwanja vya pembezoni ni rahisi. Ongezeni asilimia moja tu, ardhi ikue kwa 5, na eneo la mji linaongezeka maradufu kwa miaka 14. Kwa miaka 28 ni mara nne. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu atakuwa bado hajafikisha 30. Umoja wa Mataifa umeweka uwiano huu, kasi ya ardhi dhidi ya kasi ya watu, miongoni mwa viashiria vya malengo ya maendeleo endelevu, namba 11.3.1, na makadirio yake ya 2018 yalisema idadi ya wakazi wa miji duniani itaongezeka kwa bilioni 2.5 ifikapo 2050, karibu asilimia 90 ya ongezeko hilo Asia na Afrika. Nimeona mipango kabambe iliyotengea mji ardhi ya nyongeza ya asilimia 20 kwa miaka ishirini. Sijui waliopanga walidhani watu wengine watalala wapi.

Wapo watakaosema suluhu ni kuuzuia mji usitanuke. Nawaelewa, mashamba na misitu inaliwa kweli, na mji uliosambaa una gharama ya kila bomba na kila safari. Lakini angalieni Seoul. Mwaka 1971 Korea Kusini ilianza kuuzungushia mji huo ukanda wa kijani usioruhusiwa kujengwa, tena kwa serikali yenye mkono mzito. Ukanda ulikaa, na mji ukauruka: miji mipya kama Bundang na Ilsan ikajengwa upande wa pili, na watu wakasafiri kuvuka ukanda kila siku kwenda kazini. Ikiwa serikali ile iliishia hapo, sioni jinsi halmashauri yenye wakaguzi wawili wa ujenzi itakavyofanikiwa kwa tangazo la gazetini. Tengeni bonde, tengeni msitu mnaoweza kuulinda kweli, kisha kubalini kwamba mahali pengine mji utapita.

Na ukipita ukute nini? Mwaka 1811 makamishna watatu wa New York, mji uliokuwa na watu wasiofika laki moja, walichora mitaa ya Manhattan hadi mtaa wa 155, mbali mno na nyumba ya mwisho ya wakati huo. Siwasifii kwa kila kitu. Walipitisha rula juu ya vilima na vijito kana kwamba havipo. Ila mji ulipofika, njia zilikuwa zinausubiri. Barcelona ilibomoa kuta zake baada ya 1854, na mwaka 1859 mpango wa mhandisi Ildefons Cerdà wa kupanua mji ukapata kibali, ukiwa na mitaa ya upana wa mita 20 kwenye ardhi iliyokuwa karibu tupu. Watu hao hawakuwa na setilaiti wala kompyuta. Hivi karibuni zaidi, katika muongo wa 2010, miji ya Ethiopia kama Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle ilifanya jambo hilo kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha New York: kukadiria ardhi itakayohitajika, kuchora barabara kuu pembezoni, na kuanza kuziwekea alama ardhini. Haikutaka teknolojia ya ajabu. Ilitaka wapima, mawe ya mipaka, na mtu mwenye mamlaka wa kusema hapa hapajengwi.

Shlomo Angel, aliyeongoza kazi hiyo na pia utafiti wa miji 200 ya dunia uliozaa atlasi ya upanuzi wa miji, amekuwa akishauri barabara kuu ziachane kwa kilomita moja hivi, zenye upana wa mita 25 hadi 30. Fanyeni hesabu wenyewe. Gridi ya kilomita moja, barabara za mita 30, inachukua chini ya asilimia 6 ya ardhi. Asilimia 94 inabaki kwa wenye mashamba, kwa wanunuzi, kwa mitaa midogo watakayokubaliana wao kwa wao. Hamhitaji kuweka lami sasa. Hamhitaji hata kuweka kokoto. Mnahitaji mstari ambao dalali, mwenye shamba na mnunuzi wote wanaujua na wanauheshimu, ili siku fedha zikipatikana, basi, bomba na waya vyote viwe na pa kupita. Ramani ya utabiri kazi yake hapa ni ya kupanga foleni: ukingo upi utafikiwa ndani ya miaka mitano, muanze huko, upi baada ya kumi na tano, usubiri. Kwa kazi hiyo, hata ramani yenye asilimia 14 inatosha.

Mistari ya buluu itangulie hata barabara. Maji hayasomi hati ya kiwanja. Bonde kavu linalotiririka mara moja kwa miaka mitano lina sura ya kiwanja kizuri miaka minne, na hapo ndipo linauzwa. Ramani za mwinuko wa dunia zipo bure, na mtu yeyote wa idara yenu aliyefunzwa wiki mbili anaweza kuonyesha maji yatapita wapi. Mkiliacha bonde lijengwe, msije baadaye na tingatinga na neno "wavamizi".

Nimelitaja neno hilo, niseme na hasira yangu kidogo. Katika ripoti nyingi ninazozisoma, mji unaotanuka unaelezwa kama ugonjwa: saratani, uvamizi, ukuaji holela. Maneno hayo yanatoka ofisini kwenye kiyoyozi. Familia iliyojenga pembezoni imefanya hesabu nzito kuliko modeli yangu: kipato, kodi ya chumba mjini, shule, umbali, hatari ya kudhulumiwa. Imenunua kwa sababu ninyi hamkuwa na kiwanja kilichopimwa ambacho ingeweza kukimudu. Na ramani ya utabiri mikononi mwa mtu mbaya ni orodha ya bomoabomoa. Nimeshaombwa, kwa maneno ya mzunguko, niongeze rangi ya "eneo hatarishi" juu ya mtaa fulani uliokuwa karibu na ardhi iliyotamaniwa. Nilikataa, na mkataba wangu haukuongezwa. Mtaa ule haukuwa na hatari iliyozidi ya jirani zake.

Hatari nyingine ni kinyume chake: siri. Ramani inayoonyesha mji utakwenda wapi ni ramani ya mahali bei ya ardhi itapanda. Ikikaa kwenye droo ya ofisi miezi sita, walioiona watakuwa wamenunua, na waliouza watajua baadaye kwamba walipunjwa. Zaidi ya hapo, utabiri wenyewe utakuwa umeharibika, kwa kuwa walionunua kwa kujua watavuta mji kwao au wataishikilia ardhi wazi wakisubiri bei, na mji utawaruka. Iwekeni hadharani siku hiyohiyo inayofika mezani kwenu, kwa kila mtu, pamoja na njia iliyotumika na makosa yake. Bandikeni nakala kwenye ofisi za mitaa ya pembezoni, kwa lugha ya watu wa pale, na mpige simu kwa wazee wanaojua mabonde. Watawasahihisha, nanyi mtapata ramani bora bila kulipia.

La watumishi nitalisema haraka. Acheni kununua utabiri kama mnavyonunua samani, mara moja kwa miaka kumi kutoka kwa mtaalamu mshauri anayeondoka na mafaili yake. Mji unaokua kwa asilimia 5 unahitaji ramani mpya kila mwaka, na kazi hiyo wanaiweza vijana wawili wenye kompyuta ya kawaida na programu za bure, ikiwa hamtawahamisha pindi tu wanapoielewa. Dai mafaili yote, si kitabu chenye jalada gumu. Nilipokuwa nikitafuta ile ramani yetu ya zamani ili niilinganishe na hali halisi, ofisi husika haikuwa na nakala nyingine zaidi ya iliyo ukutani.

Sasa ombi langu. Kabla ya kikao chenu kijacho cha bajeti, ishusheni ramani mliyonayo, itoeni kwenye fremu, ilazeni mezani. Iteni mpima ardhi, mhandisi wa maji, jirani yenu wa halmashauri ya pili, na mtu mmoja anayekaa kwenye ukingo ule mwekundu. Chukueni penseli. Choreni mabonde kwanza, kisha barabara, kilomita kwa kilomita, mpaka mbali kuliko mnavyoona ni busara. Halafu tengeni fedha za mawe ya mipaka ya mwaka wa kwanza, hata kama ni ya ukingo mmoja tu.

Anayetaka msaada wa picha anitafute kupitia watu wa kazi hii, sitamtoza. Setilaiti mbili za Sentinel-2 zikigawana zamu hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku tano, kwa hiyo kabla barua hii haijamaliza wiki mtakuwa na picha mpya ya mji wenu, na ndani yake kutakuwa na paa ambazo leo hazipo.

Wenu katika kazi,
Mchora ramani